Thumuni ya Bibi na Kompyuta ya Shule

Tulialikwa katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, baada ya swala ya alasiri, tukakirimiwa kahawa ya tangawizi na kaimati. Maongezi yalipokolea, bibi mwenye nyumba alimtuma mjukuu wake orofani akalete bahasha iliyokuwa kabatini pamoja na hati za nyumba. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja tu ya A3, imekunjwa mara mbili. Ilikuwa ramani ya nyumba ile ile tuliyokuwa tumeketi: ukumbi, vyumba, jiko, ua wa ndani, ngazi na orofa ya juu, kila chumba na upana wake na urefu wake, na katikati ya kila chumba imeandikwa tarakimu ya mita zake za mraba. Pembeni palikuwa na mshale wa kuonyesha kaskazini. Chini, kwa herufi ndogo, jina la mchoraji, kidato chake na tarehe.

Mchoraji ndiye huyo aliyetushushia bahasha. Yuko kidato cha tatu. Majina yao hatuyataji, kwa kuwa jambo lililomo katika karatasi ile ni la kifamilia na bado halijakwisha.

Sisi tulikwenda pale kuandika juu ya somo la kuchora ramani kwa kompyuta, ambalo wazazi wengi wametuuliza habari zake tangu watoto wao waanze kutakiwa kuchagua mikondo ya masomo. Tulitaraji kuambiwa mambo ya mashine. Bibi yeye alianza na tepu.

Mwalimu wa somo hilo alikuwa amewapa wasichana wake zoezi la likizo: kila mmoja aipime nyumba anamoishi, aandike vipimo daftarini, kisha shule zikifunguliwa aichore kwenye kompyuta. Binti huyu hakuwa na wa kumshikia upande wa pili wa tepu ila bibi yake. Basi kwa siku mbili, ajuza na mjukuu wakawa wanazunguka nyumba, mmoja akikandamiza mwanzo wa tepu ukutani kwa kidole gumba, mwingine akisoma na kuandika. Ndugu zake wakawacheka. Walipomaliza, binti alijumlisha upana wa safu tatu za vyumba akapata mita 7.80. Alipotoka nje kuipima nyumba upande wa barabarani, akapata mita 9.80. Akapima tena, jawabu likawa lile lile. Mita 2 nzima zilikuwa zimepotea ndani ya nyumba.

Hazikupotea. Zilikuwa kuta. Nyumba ile imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake nne zinazokwenda sambamba zina unene wa nusu mita kila moja. Mtoto aliyezaliwa humo, aliyeegemea kuta zile miaka yote, hakuwahi kuufikiria unene wao mpaka hesabu ilipokataa kukubali. Kisha akaona jambo jingine: kila safu ya vyumba ilikuwa na upana wa mita 2.60, bila kuzidi wala kupungua sana. Alimuuliza bibi kwa nini wajenzi wa zamani walipenda upana ule. Bibi akamwonyesha dari. Dari ya nyumba za namna ile hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ina kikomo chake. Mti ukiwa mrefu mno hupinda kwa uzito wa sakafu iliyo juu. Kwa hiyo chumba kinaweza kurefushwa upendavyo, lakini upana wake huamuliwa na mti uliokatwa mkokoni. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Mombasa ni virefu na vyembamba. Binti alituambia kwamba hilo hakulisoma katika kitabu chochote cha shule, na kwamba aliliandika daftarini chini ya vipimo.

Shule zilipofunguliwa akaichora. Alipomaliza, aliiamuru programu ihesabu eneo la kila chumba, kazi ambayo huichukua mashine muda mfupi kuliko mtu kupiga chafya. Ukiacha kuta na ngazi, nyumba nzima, chini na juu, ilikuwa na mita 160 za mraba. Mwalimu akampa alama nzuri, akamchapishia karatasi, naye akaileta nyumbani kumwonyesha bibi kama mtu anavyoonyesha kazi yake. Bibi aliitazama kwa muda. Halafu akauliza, “Na thumuni yangu mimi iko wapi hapa?”

Hapo inabidi tueleze. Bibi huyu ni mjane. Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita, akaacha nyumba hii, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Hakuacha deni wala wasia. Sheria ya mirathi katika Suratun-Nisaa iko wazi: mjane ambaye marehemu ameacha watoto ana thumuni, sehemu moja katika nane; kinachosalia hugawiwa watoto, wa kiume akapata mafungu mawili na wa kike fungu moja moja. Hayo kila mtu katika nyumba ile aliyajua tangu siku za matanga. Lakini ilikuwa thumuni ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukipima. Mtoto wa kiume, ambaye ndiye baba wa binti huyu, anaishi orofa ya juu na watoto wake, na chumba cha mbele cha chini amekikodisha kuwa duka. Dada zake wameolewa, mmoja Likoni, mwingine Malindi. Kila shauri lilipoletwa, jibu lilikuwa moja: nyumba ni yetu sote, haraka ya nini? Hatusemi kwamba jibu hilo hutoka katika moyo wa dhuluma. Mara nyingi hutokana na haya, na mara nyingi zaidi ni kwamba watu hawajui pa kuanzia. Hata hivyo miaka tisa ni miaka tisa, na kodi ya duka hukusanywa kila mwezi.

Mita 160, sehemu yake ya nane ni mita 20. Hiyo ndiyo thumuni ya bibi. Zinabaki 140, zigawe mafungu manne: mwana wa kiume 70, kila binti 35. Mjukuu alizihesabu mbele ya bibi yake kwa penseli pembezoni mwa karatasi, na alama za penseli hiyo bado zipo. Kisha akanyamaza, kwa maana mita anazozitumia baba yake, orofa ya juu na duka, alikuwa amezichora yeye mwenyewe na anajua ni ngapi. Ni 94.

Tulimuuliza kama alikusudia hayo. Alishtuka. Alisema alikuwa akifanya kazi ya shule, na kwamba kama angejua ramani ingefika huko, huenda angechora nyumba ya jirani. Tunamsadiki. Na tunasadiki vilevile kwamba karatasi ile ilisema kwa adabu jambo ambalo shangazi zake wawili hawakupata njia ya kulisema kwa miaka tisa bila kuonekana wanataka kumtoa ndugu yao nyumbani.

Msomaji asije akadhani kwamba ramani ya mwanafunzi yatosha kugawia urithi. Haitoshi. Mita za mraba si thamani; chumba kinachotazama barabara chaweza kuwa na thamani mara mbili ya chumba cha nyuma chenye ukubwa ule ule, na mgawanyo wa haki huangalia hilo. Kazi ya kugawanya umiliki kisheria ni ya mpima ardhi mwenye leseni, na hukumu ya mirathi kwa Waislamu walioridhia iko katika mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeitambua katika kifungu cha 170. Ramani ya binti ni mwanzo wa mazungumzo tu. Lakini mwanzo ndio uliokuwa umekosekana.

Siku chache baadaye tulikwenda kuiona shule anakojifunzia. Ni shule ya kutwa ya wasichana, na chumba cha kompyuta kilikuwa zamani ghala la vitabu. Kompyuta ziko ishirini. Siku tuliyokwenda zilizowaka zilikuwa kumi na moja, na wasichana walikaa wawili wawili, mmoja akishika kipanya, mwenziwe akimsomea vipimo kutoka daftarini. Mwalimu, ambaye ni mama wa watoto watatu, alituambia kwamba upungufu huo umekuwa na faida ambayo hakuitegemea: anayesoma vipimo hugundua makosa ya anayechora, na kinyume chake. Aliongeza, akicheka, kwamba hata hivyo angependa kupoteza faida hiyo na kupata kompyuta tisa.

Muhula mzima wa kwanza hawaruhusu wasichana kugusa kompyuta kwa somo hili. Huwapa bao la kuchorea, rula ya T, bikari na penseli mbili, moja ngumu na moja laini. Kitu cha kwanza wanachokichora ni kisanduku cha chaki, mara tatu: kinavyoonekana mbele, kinavyoonekana juu, na kinavyoonekana ubavuni. Kisha huwapa kitu chenye tundu, kisha chenye pembe iliyokatwa. Kwa maneno yake, msichana asiyeweza kukigeuza kitu akilini mwake, kompyuta itamchorea mistari mizuri asiyojua ni ya nini. Tuliliona hilo kwa macho yetu. Msichana mmoja alikuwa amechora mlango ambao ukifunguliwa hugonga ngazi. Kwenye skrini ulikuwa mlango mzuri sana. Mwalimu hakumwambia kosa lake. Alimwambia aufungue mlango ule kwa mkono, hewani, huku amesimama. Msichana akanyosha mkono, akasita, akaketi kuufuta.

Baada ya penseli ndipo mashine. Na hapa yapo mambo machache ambayo mzazi akiyaelewa ataelewa kwa nini kazi hii si sawa na kuchora picha. Kwenye karatasi, mchoraji huipunguza nyumba kabla ya kuichora: huamua kwamba sentimita moja itasimama mahali pa mita moja, kisha hupiga hesabu hiyo kwa kila mstari. Kwenye kompyuta huchora kwa ukubwa wa kweli. Ukuta wa mita 9.80 huandikwa hivyo hivyo, 9.80, na upunguzaji hufanywa mara moja tu, wakati wa kuchapisha. Kuta hukaa katika tabaka lake, milango katika lake, nyaya za umeme na mabomba katika yake, mithili ya karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine; ukitaka kumwonyesha fundi wa bomba kazi yake, huzima mengine yote ukamwachia lake. Ukibadilisha upana wa chumba, vipimo vilivyofungamana na mstari ule hubadilika pamoja nao. Mchoraji wa zamani aliyekosea alikwangua wino kwa wembe au akaanza karatasi mpya.

Wepesi huo una hatari yake, na mwalimu hakutuficha. Tepu ikilegea ukasoma 2.65 badala ya 2.60, mashine itakuandikia 2.6500 kwa herufi safi zenye kuaminika, nawe utaamini. Hadhi ya maandishi yaliyochapishwa hulifunika kosa la mkono. Ndiyo maana kila mwanafunzi wake hupima kila ukuta mara mbili, na hupima pia kutoka kona hadi kona, mshazari, kujua kama chumba kimenyooka. Vyumba vingi vya Mji wa Kale havikunyooka.

Elimu hii haikushuka jana kutoka ng'ambo, ingawa mashine zimetoka huko. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad, ambayo ilimwezesha mtu kuchora moja kwa moja juu ya kioo kwa kalamu ya mwanga. Mwishoni mwa mwaka 1982 ikatoka AutoCAD, iliyoweza kufanya kazi katika kompyuta ndogo za mezani, na tangu hapo kuchora kwa kompyuta kukawa kazi ya ofisi za kawaida. Lakini neno letu uhandisi asili yake ni handasa ya Kiarabu, na mwaka 1206 al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha vyombo na mitambo, akaichora sehemu baada ya sehemu na kueleza namna ya kuiunda, ili fundi mwingine ambaye hakuwapo aweze kuifanya. Hilo ndilo kusudio la mchoro wa kiufundi hadi leo: kuzungumza na fundi usiyemjua.

Mafundi wetu wa Pwani walikwenda njia nyingine. Fundi wa jahazi hulijenga kwa jicho, kwa shibiri na dhiraa, na ramani yake iko kichwani. Tunaustahi ujuzi huo. Tunajua pia kwamba fundi akifariki bila mwanafunzi, ramani huzikwa naye. Nyumba za Lamu zilipata bahati: msanifu Usam Ghaidan alizipima na kuzichora, na kitabu chake kuhusu mji huo kilitoka mwaka 1975. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba ngapi za Pwani zimebomolewa bila hata mstari mmoja wa kumbukumbu? Kila mwanafunzi anayepima nyumba ya bibi yake, hata kwa zoezi la likizo, anaokoa moja.

Wazee wetu waliwahi kuliona hitaji hili. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianzishwa Mombasa kile kilichoitwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, maarufu kwa kifupi cha MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Pamoja na jina lake, haikuwa madrasa. Ilikuwa chuo cha ufundi, kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi ya wote, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale pale Tudor. Waliochanga fedha zile hawakuona kwamba ufundi na dini vinagombana. Sisi, warithi wao, tumefika mahali ambapo binti akisema anataka somo la uchoraji na usanifu, huulizwa kama amekosa masomo ya wasichana.

Baba wa binti huyu naye aliuliza hivyo. Alitaka asome biashara. Hatumlaumu, alikuwa anafikiria maeneo ya ujenzi, vumbi, wanaume na lugha zao. Ni wasiwasi wa mzazi, na una haki ya kujibiwa bila dharau.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba kazi hii hufanyika nyumbani: msichana atakaa na kompyuta yake, atachora, atatuma michoro kwa intaneti, atalipwa kwa simu, na hakuna atakayemwona. Jibu hilo lina ukweli, na kwa mama mwenye mtoto mchanga ni neema kubwa. Lakini ni nusu ya jibu, na sisi hatupendi kumpa mzazi nusu. Nyumba haipimwi kutoka kitini. Mchoraji mzuri lazima afike mahali, aone ardhi inavyoinama na maji ya mvua yanakokwenda. Msichana anayetaka kuifikisha kazi hii mbali atatoka, na familia yake itapanga atatokaje: na mahramu wake, au na wenziwe, au na mwajiri anayeheshimu hijabu na nyakati za swala. Ni afadhali mambo hayo yazungumzwe mapema kuliko kumpa mtoto matumaini ya kazi ya pazia, kisha akavunjwa moyo.

Sisi tungeanza mahali pengine kabisa. Nani anaijua nyumba? Anayejua kwamba mlango wa choo ukielekea ukumbini mgeni wa kiume atamwona mwana wa nyumba akitoka kuoga, ni mwanamke. Anayejua kwamba dirisha la jiko lililo upande wa upepo huzima moto na kurudisha moshi ndani, ni mwanamke. Nyumba za kale ziliyazingatia hayo: daka mlangoni ambapo wageni wa kiume huishia, kiingilio kilichopinda ili anayepita barabarani asiione ndani, ua katikati ambapo kina mama huanika na kupumzika bila kuvaa buibui. Tazama sasa majumba yanayopanda Mombasa, jikoni kukitazamana na sebule bila ukuta, na roshani ambayo mama hawezi kuitumia mchana. Aliyezichora hakumuuliza mtu. Na anapokuja mpimaji wa kiume katika nyumba yenye wanawake, vyumba vya ndani hupimwa kwa haraka, au wenyewe hufukuzwa nje kwa saa nzima. Mpimaji wa kike huingia, akaketi, akaonyeshwa. Tumeona fahari kuwa na wakunga na madaktari wa kike kwa ajili ya stara; stara ya nyumba nayo ina wataalamu wake.

Kuna hata zoezi ambalo mwalimu yule hulitoa, na ambalo tulilipenda. Mombasa na Makka zinakaribiana mno katika longitudo, hivi kwamba kwetu Kibla kiko kaskazini, karibu bila kupinda. Mshale wa kaskazini ambao kila ramani hulazimika kuwa nao, Mombasa ndio mshale wa Kibla. Huwaambia wasichana wachore bafu, kisha waangalie mshale: anayekaa pale anaelekea wapi? Tunajua makatazo ya kuelekea Kibla au kukipa mgongo wakati wa haja, na tunajua kwamba wanazuoni wamehitilafiana juu ya hukumu yake ndani ya majengo. Lakini kama unaweza kuligeuza choo lielekee mashariki au magharibi kwa kubofya mara moja kabla jiwe la kwanza halijalazwa, kwa nini uache khitilafu hiyo ije ikusumbue baada ya miaka kumi?

Wasichana wa darasa lile wamebandika ukutani picha ya jengo moja la Baku, Azerbaijan, lililokamilika mwaka 2012, lenye paa linaloshuka kama shuka lililorushwa hewani. Mbunifu wake, Zaha Hadid, alizaliwa Baghdad mwaka 1950, akasomea hisabati Beirut kabla ya usanifu, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Alifariki mwaka 2016. Tulimwuliza mwalimu kama si mfano wa mbali mno kwa wasichana wa Pwani. Alisema wanafunzi wake hawakubandika picha ile kwa ajili ya umaarufu. Waliibandika kwa sababu hawakuelewa paa lile linasimamaje, na walikuwa wanajaribu kulichora.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake yuko sekondari ya chini, mlango uko karibu kuliko anavyodhani. Somo la awali la ufundi, ambalo watoto wa gredi ya 7 hadi ya 9 hulisoma, lina sehemu ya uchoraji, na mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati katika sekondari ya juu una masomo ya ufundi ndani yake, yakiwemo ya ujenzi na ya mbao. Lakini shule haziko sawa. Nenda shuleni kabla hujajaza fomu. Usiulize kama wana kompyuta. Uliza ngapi zinawaka, na mtoto huzigusa saa ngapi kwa wiki. Uombe kuona mchoro mmoja wa mwanafunzi, wa penseli na wa mashine. Ziko shule ambazo kuchora kwa kompyuta hufundishwa ubaoni kwa chaki, na mtoto akahitimu akijua maana ya maneno bila kuwahi kuchora mstari.

Gharama ya programu huwatisha wengi bila sababu. Kampuni inayotoa AutoCAD huwapa wanafunzi na walimu wanaothibitisha masomo yao nafasi ya kuitumia bure kwa kujifunzia, na huihuisha mwaka baada ya mwaka. Haifai kuitumia nafasi hiyo kwa kazi ya malipo, na hilo ni la amana. Zipo pia FreeCAD na LibreCAD, ambazo ni bure kwa kila mtu na kwa kila kazi, na hii ya pili hufanya kazi hata katika kompyuta kuukuu. Programu za wizi zinazouzwa madukani kwa bei ya chapati mbili tunaomba zisiingie katika nyumba zetu. Kazi ya halali haianzwi kwa chombo cha kuibwa. Na binti akimaliza shule, ajue kwamba ramani ya kujengea hupitishwa na serikali ya kaunti kwa jina la msanifu aliyesajiliwa. Ustadi wa kuchora utampatia nafasi katika ofisi ya msanifu. Kuwa msanifu kunataka miaka zaidi.

Wiki iliyopita tulirudi Mji wa Kale kuomba ruhusa ya kuchapisha habari hii. Tulimkuta baba nyumbani. Alitupokea vizuri, akatuambia kwa utulivu kwamba tarakimu za binti yake si sahihi. Haiwezekani orofa yake ikawa kubwa hivyo. Shangazi wa Likoni alikuwapo, ameketi pembeni, kimya. Wa Malindi alikuwa kwenye simu, na simu imewekwa juu ya meza ili asikie. Binti hakubishana na baba yake. Alikwenda akaleta tepu na daftari, akamwomba wapime tena pamoja, chumba baada ya chumba, kuanzia cha duka.

Tuliwaacha hapo. Baba amepiga magoti, amekandamiza mwanzo wa tepu ukutani kwa kidole gumba. Binti yuko upande wa pili, anasoma. Na bibi, kutoka kitini kwake, anawaambia wasiilegeze.